Kidonge na Kikombe cha Kwanza

Kila asubuhi, saa kumi na mbili, baridi ya Dangila, mji wa nyanda za juu za Ethiopia, ikiwa bado imeng'ang'ania kwenye mabati, nyumba ya Bibi Tiruye ilianza siku kwa ugomvi.

"Bibi, kidonge."

"Kahawa haijaiva."

"Sikuulizi habari za kahawa, Bibi. Nasema kidonge."

"Na mimi nasema kahawa haijaiva. Masikio umeyasahau shuleni?"

Wubalem alisimama katikati ya chumba, sare ya shule mwilini, vidonge viwili vyeupe kwenye kiganja, kikombe cha maji mkono wa pili. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa darasa la saba. Bibi yake alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani mji mzima. Aliketi kwenye kigoda, shuka nyeupe imemfunika hadi masikioni, akitikisa kikaango cha kahawa juu ya makaa polepole, kana kwamba hakuna shule wala kengele duniani.

"Bibi, nitachelewa. Jana nimefagia uwanja. Juzi nimefagia uwanja. Walimu wanadhani nimeajiriwa!"

"Kufagia si kazi ya aibu. Maji baridi asubuhi yananipoza tumbo. Ngoja abol."

Abol ndiyo kikombe cha kwanza cha kahawa, kile kizito kuliko vyote. Baada yake maji huongezwa kwenye birika la udongo, kikaja cha pili, kisha cha tatu ambacho ndicho cha baraka. Bibi Tiruye alikuwa na nadharia yake, na nadharia ya Bibi haikupingwa nyumbani humo: kwa kuwa abol ina nguvu kuliko vikombe vyote, basi ndiyo iliyofaa kusukumia dawa. Dawa ikipewa msukumo wa nguvu itafika mbali. Ikipewa maji matupu italala njiani.

Basi Wubalem alingoja. Kahawa ilikaangwa ikaiva, ikatwangwa, ikachemshwa. Hatimaye Bibi akatia vidonge mdomoni, akavisindikiza na abol ya moto, akafuta mdomo kwa pembe ya shuka.

"Umeona? Vimekwenda vyenyewe. Sasa nenda, usije ukachelewa!"

Usije ukachelewa! Wubalem alitoka mbio huku akisonya.

Vidonge vile havikuwa mchezo. Miaka miwili nyuma, Bibi alifanyiwa upasuaji wa goita, ule uvimbe wa tezi shingoni unaowapata watu wengi wa nyanda za juu. Tezi yote iliondolewa. Daktari alieleza kwamba tezi ile ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kitu cha kuuchangamsha mwili, na kwa kuwa sasa haipo, kidonge ndicho kitakachofanya kazi yake, kila siku, maisha yote. Bila hicho mwili ungepoa na kulala kidogo kidogo, mpaka moyo nao uchoke.

Na kweli, Bibi alikuwa anapoa. Uso ulimvimba, sauti ikakwaruza, miguu ikawa baridi hata mchana wa jua. Alisinzia akichambua dengu. Alisinzia akisalimiana na watu! Mara ya kwanza alipewa kidonge kimoja. Baada ya vipimo, wakamwongezea kikawa kimoja na nusu. Baada ya vipimo vingine, viwili. Usingizi uliendelea kama kawaida.

Kila walipokwenda kituo cha afya, muuguzi Sista Aregash aliuliza swali lilelile.

"Mama yangu, unakunywa dawa na maji, tumbo likiwa tupu, saa nzima kabla ya kitu kingine chochote?"

"Ndiyo, mwanangu. Tumbo tupu kabisa," Bibi alijibu kwa unyenyekevu ambao nyumbani haukuonekana hata siku moja.

"Wubalem, ni kweli?"

Hapo ndipo vidole vya Bibi vilipopenya chini ya shuka na kumfinya mjukuu wake ubavuni. Si kidogo. Kufinya kwa mtu aliyekanda unga miaka hamsini.

"Ndiyo, Sista," Wubalem alijibu.

Njiani kurudi alilalamika. "Bibi, kwa nini unanifanya niseme uongo?"

"Uongo gani? Tumbo si tupu? Nilikuwa nimekula nini?"

"Na kahawa?"

"Kahawa si chakula!" Bibi alisema, na mjadala ukafungwa.

Mwaka wa shule ulipokwisha na likizo ya mvua kubwa kufika, Mjomba Mulat, mtoto wa kiume wa Bibi, aliamua mama yake apelekwe kwenye maji ya baraka, katika monasteri moja mlimani, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Wubalem alikwenda naye. Walikaa huko wiki saba. Walilala kwenye kibanda cha majani, mvua ikanyesha bila huruma, wakaamka alfajiri kila siku kupanga foleni ya maji pamoja na wagonjwa wengine. Bibi alivimeza vidonge vyake kwa maji yale ya baraka. Watawa hawakuruhusu kahawa ndani ya uwanja wao, na siku za kwanza Bibi alilalamika kichwa kinauma mpaka Wubalem akatamani kuziba masikio.

Lakini alipona! Wiki ya tano uso ulinywea, macho yakafunguka, miguu ikapata joto. Wiki ya saba alipanda mlima na kushuka akiwatania vijana waliokuwa wanahema. Waliporudi Dangila, Sista Aregash alipima damu, majibu yakaja mazuri kwa mara ya kwanza. Majirani walimiminika kuona muujiza. Bibi, kwa furaha, akawakaangia kahawa.

Kufikia mwezi wa Hidar, yaani Novemba, baridi ilipokaza, Bibi alikuwa amerudi palepale alipokuwa. Uso ukavimba tena. Sauti ikakwaruza tena. Siku moja Wubalem alitoka shule akamkuta Bibi amesinzia juu ya kigoda mbele ya makaa, pembe ya shuka imeangukia kwenye jiko na inawaka moto. Alitupa begi, akavuta shuka, akaikanyaga kanyaga mpaka viatu vikaungua.

"Nini? Kuna nini?" Bibi alizinduka.

"Ulikuwa unaungua, Bibi! Unaungua na umelala!"

"Usinipigie kelele, sijaungua," alisema Bibi, akaanza kukunja shuka, pembe iliyoungua ikiwa ndani.

Jioni ile Mjomba Mulat alikuja, akaiangalia shuka iliyotobolewa na moto, akaketi. Kisha akatoa hukumu.

"Nimechoka. Miaka miwili ya vidonge, na mama yangu anataka kuungua. Kilichomponya ni maji ya baraka, kila mtu aliona. Hivi vidonge ndivyo vinavyoyaharibu maji. Alhamisi kuna miadi. Majibu yakiwa mabaya, vidonge navitupa, Mama anarudi mlimani, na safari hii anakaa hukohuko."

"Na nani?" Wubalem aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Na wewe. Mama yako yuko Bahir Dar, hawezi kuacha kazi. Mimi nina karakana. Nani mwingine?"

"Mjomba, mwaka huu nina mtihani wa darasa la nane!"

"Mtihani utarudi mwakani. Bibi yako hatarudi."

Wubalem alitoka nje, akajipigiza mgongo kwenye ukuta wa udongo. Alikuwa na hasira na Mjomba, ana hasira na Bibi, ana hasira hata na vidonge. Kwa miaka miwili hajakosa kumpa Bibi dawa hata siku moja! Amebembeleza, amefagia uwanja wa shule, amefinywa. Sasa shule nayo iondoke. Haki iko wapi?

Alhamisi walikwenda wote watatu. Sista Aregash alifungua jalada, akasoma karatasi ya majibu iliyotoka maabara ya mkoa, akaisoma tena, kisha akavua miwani.

"Sielewi. Naomba Mungu anipe subira, kwa sababu kwa kweli sielewi. Mwezi wa Meskerem, mliporudi kutoka mlimani, damu yako ilikuwa nzuri, mama yangu. Sasa imekuwa mbaya kama zamani. Dawa ni ileile, kiasi ni kilekile. Vidonge mnavimaliza?"

"Tunavimaliza," alisema Bibi.

"Mnaviweka mahali pakavu?"

"Kwenye kopo, juu ya rafu."

"Basi daktari amesema tuongeze. Viwe vitatu." Akachukua kalamu.

"Usiandike, Sista," Mjomba Mulat aliingilia. "Mama haongezewi chochote. Jumapili anarudi kwenye maji ya baraka, Wubalem anaacha shule kumtunza, na vidonge tumeachana navyo."

"Ukiviacha utamzika mama yako, kaka yangu. Mama hana tezi! Huko mlimani alikuwa anaviacha?"

"Hapana," alisema Wubalem. "Nilikuwa nampa mimi. Kila siku."

Sista Aregash aliishusha kalamu. Alimgeukia Wubalem taratibu. "Basi niambie wewe. Huko mlimani mlikuwa mnafanya nini ambacho hapa hamfanyi? Alikuwa anakula nini? Alikuwa anakunywa nini?"

Wubalem alifungua mdomo. Mara ubavuni, chini ya shuka, vidole vikafika. Bibi alifinya kama kawaida yake, akapindisha kidogo.

Machozi yalimtoka Wubalem, lakini safari hii hayakuwa ya maumivu. Ilikuwa hasira tupu.

"Nifinye tu, Bibi! Nifinye mpaka nyama itoke! Mimi nimechoka!" alisema kwa sauti, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la nje wakachungulia. "Sista, tumekudanganya. Hanywi na maji. Miaka miwili yote hanywi na maji. Anakunywa na kahawa, na abol, ile ya kwanza kabisa. Mlimani alikuwa anakunywa na maji ya baraka alfajiri kwa sababu watawa hawataki kahawa. Tuliporudi akarudia kahawa yake. Mimi nilikuwa nakujibu ndiyo, na haikuwa kweli."

Bibi Tiruye aliangalia sakafu. Mjomba Mulat aliangalia mama yake. Sista Aregash alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kahawa," alisema. "Kahawa! Mara nne nimeuliza humu ndani. Mara nne mmeniambia tumbo tupu!"

"Kahawa si chakula," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Mama yangu!" Sista alisimama, akaketi tena. Alivuta pumzi. "Haya. Niambie. Mgeni akija kwako ukamkaribisha kahawa, anaweza kuinuka baada ya kikombe cha kwanza?"

Bibi aliinua uso, ameshtuka. "Ainuke vipi? Hayo si matusi?"

"Na baada ya cha pili?"

"Wala cha pili. Mpaka amalize cha baraka."

"Sawasawa. Sasa sikiliza. Kidonge chako ni msafiri. Kinashuka tumboni, kinayeyuka, kinasukumwa kwenye utumbo mwembamba. Kwenye kuta za utumbo huo ndipo penye milango ya kuingilia kwenye damu. Kikishaingia, damu inakipitisha kwenye ini, kisha moyo unakisambaza mwili mzima: kwenye miguu hiyo ya baridi, kwenye macho hayo ya usingizi, kila mahali. Lakini utumbo haumngoji mtu. Unasukuma kila kilichomo kiende mbele. Dawa ikipita milango bila kuingia, basi tena, mwisho wake ni chooni."

"Na kahawa?" Mjomba Mulat aliuliza.

"Kahawa inamdaka huyu msafiri njiani na kumkaribisha. Inamshika, haimwachi. Wakati anataka kuinuka, milango ameshaipita. Kati ya vidonge viwili, sijui kama kimoja kilikuwa kinafika kwenye damu. Na kahawa kali ndiyo mbaya zaidi."

Bibi Tiruye aliweka mkono kinywani. "Kwa hiyo miaka miwili dawa nilikuwa nakipa choo?"

Mjomba Mulat alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Sista hakucheka.

"Kuna jambo baya kuliko hilo. Kwa kuwa mlinidanganya, tulidhani dawa haitoshi, tukaongeza, tukaongeza. Leo nilikuwa naandika vitatu. Ungerudi mlimani kusiko na kahawa, vyote vitatu vingeingia kwenye damu. Moyo wako ungeenda mbio mpaka ungekuangusha. Na mimi ndiye ningekuwa nimekuua, kwa kalamu hii, bila kujua."

Mjomba Mulat alijikuna kidevu. "Ina maana si maji ya baraka yaliyomponya?"

"Mimi mwenyewe ni muumini, kaka, siwezi kukuzuia usimshukuru Mungu. Lakini maji yale hayakugombana na kidonge. Yaliteremka nacho vizuri. Mna chupa ya maji hayo nyumbani?"

"Dumu zima," alisema Wubalem.

"Safi kabisa. Bibi akimeze kwa maji hayo, alfajiri, kama mlimani. Kahawa ingoje saa nzima. Vidonge vinabaki viwili. Baada ya wiki sita tupime. Na Wubalem abaki shuleni, maana huyu ndiye mtu pekee katika familia yenu aliyenisaidia leo."

Nje ya kituo, Bibi alitembea hatua kumi, kisha akamgeukia mjukuu wake. Wubalem aliandaa ubavu kwa lolote.

"Inauma?" Bibi aliuliza.

"Inauma."

"Nitakupaka siagi," alisema Bibi.

Msidhani ubishi uliisha. Asubuhi iliyofuata Bibi alimeza vidonge kwa maji ya baraka, kisha akakodoa macho kwenye saa ya ukutani.

"Saa nzima? Saa nzima nikae hivi kama gogo?"

"Hakuna aliyesema ukae kama gogo. Anza kuosha kahawa yako."

Bibi akaosha. Akakaanga. Akatwanga. Akachochea makaa, akachemsha, akaacha itulie. Alipomimina abol, Wubalem aliangalia saa: ilikuwa imepita saa moja na dakika tano.

Wubalem alikaa chini kwenye mkeka. "Bibi! Kumbe kazi yenyewe ya kuandaa kahawa ni saa nzima! Ungekuwa unameza kabla ya kuweka kikaango motoni, basi! Miaka miwili tunagombana bure!"

"Ungeniambia," alisema Bibi.

"Ningekuambia? Mimi? Kila siku nilikuwa nimesimama hapa na maji mkononi!"

"Ulikuwa unanipigia kelele. Kupiga kelele si kuambia," alisema Bibi, akanywa kahawa yake. Kesho yake, bila abol ya kungoja, Wubalem aliwahi shuleni, na mlinzi wa geti akamuuliza kama anaumwa.

Wiki sita zilipita. Siku chache kabla ya Krismasi yao, Genna, majibu yalifika. Sista Aregash aliyasoma, akavaa miwani vizuri, akayasoma tena. Bibi hakungoja. Uso wake ulikuwa umeshanywea, na alikuwa amekuja kwa miguu toka nyumbani akiwaacha nyuma Wubalem na Mjomba Mulat.

"Nzuri," alisema Sista. "Tena nzuri sana. Mulat, safari ya mlimani?"

"Tutaenda wakati wa likizo. Kushukuru," Mjomba Mulat alisema, akakwepa macho ya Wubalem. "Mtihani kwanza."

Sista alifunga jalada, akaegemea meza. "Wubalem, nataka ulishike hili, na uwaambie wenzako darasani. Dawa haina mdomo. Ikizuiwa njiani haiwezi kurudi kuniambia ilizuiwa na nani. Mimi sioni ndani ya tumbo la mtu, naona karatasi tu, na karatasi naifuata kwa maneno ya mgonjwa. Mkinipa maneno ya uongo, hata kama ni uongo mdogo wa kikombe kimoja, natibu mtu mwingine ambaye hayupo. Kwa hiyo unapokwenda kwa daktari, sema ulichokunywa, ulichokula, ulichosahau, hata kama unaona haya. Haya haiui mtu."

"Nimeelewa, Sista."

"Na wewe mama yangu?"

Bibi Tiruye alijifunga shuka yake mpya vizuri. Alimtazama mjukuu wake, na safari hii mkono uliopita chini ya shuka haukufinya. Ulimshika mkono.

"Uongo ulikuwa wangu, mtoto ndiye aliyeubeba," alisema. "Miaka miwili nimemfundisha kunidanganyia watu, tena kwa vidole. Namshukuru Mungu somo hilo alifeli."